Kuku wa Kiota Kitupu

Kuna mwaka niliomba likizo ya wiki mbili nikaandike riwaya. Nilinyimwa mara mbili, na mara ya tatu nikapewa huku mkuu wangu akinitazama kwa jicho la mtu anayehisi kuna harusi ambayo hakualikwa. Sikumwambia naenda kuandika. Nilimwambia nina mambo ya familia.

Siku ya kwanza nilichonga penseli sita. Ya pili nilipanga vitabu rafuni kwa urefu, kisha nikavipangua nikavipanga kwa rangi. Siku ya tatu niliandika sentensi moja, nikaifuta, nikaiandika tena vilevile ilivyokuwa, nikaenda kulala mchana kweupe. Kufikia siku ya nane nilishaamini kwamba kipaji, kama kiliwahi kuwepo, kimehama bila kuaga.

Siku ya kumi sikuwa na shati safi hata moja. Nikajaza beseni maji, nikatia sabuni, nikaanza kufua. Sasa, pembeni ya ile riwaya nilikuwa na ubeti mmoja uliokuwa ukinisumbua tangu kabla ya likizo. Mishororo mitatu ilikuwa tayari, wa nne ulikuwa umegoma:

Kalamu naishikia, wino wangu umekwisha,
Neno nimelivizia, usiku kucha nakesha,
Karatasi yalilia, japo neno la kutosha,

Anayejua mashairi anajua mtego ulipo. Mshororo wa nne lazima uwe na mizani nane na nane, yaani silabi nane kila kipande, ukatikie kwenye "a" katikati na "sha" mwishoni. Wiki nzima nilikuwa natembea nikitafuna maneno kama mtu anayehesabu madeni: chosha, tisha, bisha, komesha, kopesha, angusha. Nilitaka mwisho wa kishujaa, "komesha" ikiwezekana, kishindo fulani cha kufunga mlango. Nikiwa nafikicha kola ya shati la bluu, ile sehemu ambayo jasho huacha mstari wa kahawia usiosikia sabuni, likaja neno "osha". Lilikuja kama sauti tu, kwanza halina maana yoyote. Kisha nikatazama mikono yangu.

Kumbe limeniingia, nikifua na kuosha.

Nilikimbilia ndani mikono ikichuruzika povu, nikaandika nyuma ya bahasha ya bili. Wino ulisambaa, lakini ulisomeka. Si ubeti wa kupewa tuzo, najua. Ila ndio mstari pekee nilioupata katika likizo nzima, na nilicheka peke yangu pale mlangoni mpaka jirani akaniuliza kama kuna habari njema.

Kwa miaka kadhaa nilikisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba ubunifu ukiuacha huja wenyewe. Acha kuhangaika, nilikuwa nawaambia watu, nenda kafue. Nilikuwa nakisimulia vibaya, na sikugundua mpaka niliposoma vizuri kisa cha mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré.

Kisa chenyewe hupendwa sana. Katika mhadhara aliotoa Paris mwaka 1908, Poincaré alieleza jinsi alivyokuwa safarini, hesabu ameziacha nyumbani, na alipoweka tu mguu kwenye ngazi ya basi mjini Coutances, jibu likamwangukia zima, bila yeye kuwa analifikiria. Watu hukomea hapo, na mimi pia nilikuwa nakomea hapo. Lakini katika mhadhara uleule alisema kwamba kabla ya safari alikuwa amekaa mezani siku 15, kila siku saa moja au mbili, akijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine bila kupata kitu. Halafu usiku mmoja akanywa kahawa kinyume na mazoea yake, akakosa usingizi, mawazo yakawa yanagongana kichwani hadi mawili yakashikana. Basi la Coutances lilikuja baada ya yote hayo. Hata alipokwisha kupata jibu, ilimbidi arudi mezani alihakikishe.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1926, Mwingereza Graham Wallas alizigawa hatua za namna hiyo katika mafungu manne, na fungu la pili alilipa jina ambalo kwa Kiswahili linakaa vizuri kuliko kwake: kuatamia. Kwanza unaandaa, kisha unaatamia, halafu linaanguliwa, mwisho unalihakiki. Mtu yeyote aliyefuga kuku anaelewa bila kufafanuliwa. Na anaelewa jambo jingine pia: wapo kuku ambao hamu ya kuatamia ikiwashika hukaa hata kwenye kiota kitupu. Anakaa siku na siku, amevimba manyoya, ukimsogelea anakudonoa, na chini yake hakuna hata yai moja.

Huyo kuku ndiye nilikuwa mimi katika wiki zile mbili. Riwaya sikuwa nimeiwekea kitu. Sikuwa na mhusika, sikuwa na tukio, sikuwa na hata swali. Nilikuwa na hamu, meza safi na penseli sita. Ule ubeti ulianguliwa kwa sababu ulikuwa na yai: mishororo mitatu, kina kinachojulikana, na wiki nzima ya "chosha, tisha, bisha". Beseni lilisaidia, sikatai. Lakini ningelifua siku hiyo bila ile mishororo mitatu kichwani, ningepata nguo safi, basi.

Tangu hapo bidii yangu nimeihamishia kwenye kutafuta mayai. Nikajinunulia daftari. Kosa la kwanza: nilinunua zuri mno. Jalada la ngozi, utepe mwekundu wa kuwekea alama, karatasi nene zenye rangi ya maziwa. Nililiweka mezani miezi minne sikuandika neno, kwa sababu kila nililowaza halikustahili karatasi ile. Unadhani mtu ataandika "mlango unaokohoa" katika daftari la namna hiyo? Mwishowe nikalitoa zawadi kwa rafiki ambaye, nina hakika, naye analiogopa mpaka leo. Mimi nikahamia kwenye karatasi za ofisini zilizochapwa upande mmoja. Nazikunja mara nne, nazibana kwa klipu, naweka mfuko wa shati. Upande wa nyuma una jedwali la mauzo ya miaka iliyopita. Hakuna anayeweza kuiogopa karatasi yenye jedwali la mauzo.

Ninachoandika humo si mawazo makubwa. Mawazo makubwa yakija hayahitaji karatasi, hukaa yenyewe. Naandika vitu vidogo vinavyoponyoka: mwanamume aliyekuwa akiongea na simu huku akiinama kwa heshima, ingawa aliyeongea naye hakumwona. Mtoto aliyebeba kiatu kimoja. Mzee aliyesoma tangazo la kifo lililobandikwa ukutani, akavua kofia, akaivaa tena akaenda. Siku nyingine ni neno moja tu. Jumapili jioni nazimwaga zote mezani nazipitia, nyingi natupa. Zinazobaki huwa tatu, nne. Zile tatu nne ndizo mayai.

Somo lililofuata nilifundishwa na mpwa wangu, wakati huo akiwa na miaka tisa. Umeme ulikatika, simu yake imezima, na mimi ndiye niliyebaki wa kumchangamsha. Juu ya meza kulikuwa na kijiko. Nikamwambia tuone nani atakayetaja kazi nyingi zaidi za kijiko. Sikuubuni mchezo huo. Mwanasaikolojia wa Marekani, J. P. Guilford, aliutumia kama kipimo mwaka 1967: unampa mtu kitu cha kawaida, tofali kwa mfano, unamwomba ataje matumizi mengi awezavyo, kisha unaangalia ametaja mangapi, yana utofauti gani, na ni yapi ambayo wengine hawakuyafikiria.

Tulianza kama kila mtu anavyoanza. Kulia. Kukorogea. Kupimia dawa. Kufungulia kopo. Baada ya hapo tukakauka wote wawili, na nikadhani mchezo umeisha. Yeye hakudhani hivyo.

"Nyundo ya sisimizi," akasema.

"Haya."

"Kasia la mashua ya panya."

"Haya, endelea."

Akanyamaza, akakigeuzageuza kile kijiko karibu na mshumaa. "Mjomba, mbona huku ndani niko kichwa chini, nikikigeuza nyuma niko sawa?"

Nilimweleza habari ya kioo kilichobonyea na kilichobinuka, kadiri nilivyoikumbuka kutoka darasani. Hakusikiliza. Alikuwa ameshasonga mbele: "Basi kijiko ni cha kumwonyesha mtu kwamba ana pande mbili." Nikaiandika nyuma ya jedwali la mauzo. Miezi mitatu baadaye ilikuwa hadithi fupi kuhusu mtu anayekataa kula mbele za wageni, na hadi leo ndiyo hadithi yangu ambayo watu huikumbuka.

Nilichojifunza hapo ni kimya kile cha katikati, baada ya "kufungulia kopo". Tangu miaka ya 1950 wanasaikolojia wameona kwamba katika michezo ya namna hii majibu ya mwanzo huwa ya kawaida na mageni hujitokeza baadaye, mtu akiendelea. Mimi kwa miaka nilikuwa nauchukua ukavu ule kuwa mwisho wa kipaji changu. Wazo la kwanza linakuja, la pili, la tatu, kisha kimya, nami nafunga daftari nikijisikitikia. Kumbe pale ndipo vitu vya kila mtu vimekwisha na vyangu havijaanza. Siku hizi nikitafuta jina la hadithi naandika majina ishirini, na najua kabisa kumi ya kwanza ni takataka. Nayaandika haraka ili yanipishe njia.

Kutembea pia kumenisaidia, ila nako nilikutumia vibaya kabla sijakuelewa. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wakitembea hutoa mawazo mapya zaidi kuliko wakikaa, kwa wastani wa takriban asilimia 60, hata wale waliotembea juu ya mashine wakitazama ukuta mtupu. Hiyo ndiyo sehemu inayosambaa. Sehemu isiyosambaa ni kwamba kwenye mafumbo yenye jibu moja tu sahihi, kutembea hakukuwasaidia, na pengine kuliwarudisha nyuma kidogo. Niliposoma hapo nikajielewa. Nilikuwa na tabia ya kutoka kutembea kila nilipokwama, na mara nyingi nilirudi nimechanganyikiwa zaidi: niliondoka natafuta mwisho mmoja wa hadithi, nikarudi nao saba. Sasa nikitaka vingi natembea. Nikitaka kuchagua nakaa kitini, na kiti kiwe kigumu.

Na simu naiacha nyumbani. Sitaki kuhubiri juu ya simu, kila mtu anahubiri. Nasema tu kwamba nafasi ambazo zamani kichwa changu kilizurura, foleni, kungoja maji yachemke, zile dakika saba kabla mtu hajafika, nilikuwa nimeziziba zote kwa kidole gumba. Kuku alikuwa na mayai lakini hapewi nafasi ya kukaa. Nilizirudisha nafasi mbili tu kwa siku, na mwezi wa kwanza ulikuwa mbaya, nilichoka kwa kuchoshwa. Wa pili karatasi zikaanza kujaa.

Kazini nako kuna kisa. Idara yetu ilikuwa na mtindo wa kukusanywa chumba kimoja "kuchemsha bongo", watu kumi na wawili na ubao mweupe. Kila mara aliyeanza kusema ndiye aliyeshinda, na aliyeanza kusema alikuwa mkuu. Mimi nilikuwa natoka na wazo langu lilelile mfukoni, halikupata zamu, na nikiwa na aibu kidogo kwamba sikulitetea. Nilidhani tatizo ni woga wangu. Kumbe tangu mwaka 1987, wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walikuwa wameshaonyesha kwamba watu wakiwaza kila mmoja peke yake, kisha mawazo yakajumlishwa, hupatikana mengi kuliko wakiwaza kikundi kwa sauti, na sababu kubwa ni hiyohiyo ya kungoja zamu: wakati mmoja anaongea, wengine wanashikilia walichonacho kisidondoke, wala hawawazi kipya. Nikaomba tujaribu kuandika kimya dakika kumi kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Mkuu alikubali kwa shingo upande. Siku hiyo wazo lililochukuliwa liliandikwa na mfanyakazi wa masijala ambaye katika miaka sita sikuwahi kusikia sauti yake kikaoni. Kikao kilichofuata tulirudi kwenye ubao mweupe, ndivyo ofisi zilivyo, lakini mimi nyumbani nimeubakisha utaratibu huo: wazo likiwa changa silisemi. Nimepoteza hadithi mbili kwa kuzisimulia vizuri mno kwa marafiki. Walicheka, walipiga meza, nami nikalipwa sifa zote kabla ya kazi. Nilipokaa kuandika hapakuwa na sababu tena ya kuandika.

Kuanza, basi, nimejifunza. Kuendelea ndiko kunakonitoa jasho hadi leo. Nimewahi kuapa kuandika kurasa tatu kila siku, nikadumu siku tisa. Nimewahi kuweka alama kwenye kalenda, mfululizo wa siku arobaini na moja, nikaugua homa, mfululizo ukakatika, na kwa hasira za kitoto nikaacha miezi miwili. Aliyenituliza ni mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, Anthony Trollope, aliyefanya kazi Posta miaka mingi na bado akaacha riwaya 47. Aliamka kukaa mezani saa 11 na nusu alfajiri, akaweka saa mbele yake, akajidai maneno 250 kila dakika 15, kisha akaenda kazini. Alimlipa mtumishi wake mzee nyongeza ya pauni 5 kwa mwaka amwamshe na kahawa. Mimi sina mtumishi na maneno 250 kwa robo saa siyawezi hata nikinakili. Nilichochukua kwake ni ile robo saa. Nikakaa robo saa moja, kabla ya kazi, bila kuhesabu maneno. Siku nikikosa, nimekosa. Kesho robo saa ni ileile, haidai riba.

Halafu nikajiongezea hila moja, ambayo mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway aliieleza katika mahojiano ya mwaka 1958: achia mahali ambapo bado unajua kitakachofuata. Mwanzoni iliniuma. Robo saa inaisha ndio kwanza mhusika amefika mlangoni, najua kabisa nani yuko ndani, na natakiwa kufunga daftari niende kituoni. Lakini siku nzima ule mlango unabaki wazi kichwani. Nabandika muhuri, natuma barua, najibu salamu, na kuna mtu amesimama mlangoni ananingoja. Jioni nikirudi, mara nyingi ameshaniambia neno.

Riwaya, ukitaka kujua, iliisha. Ilichukua miaka mitatu na nusu ya robo saa, na sura nzima ya tano iliandikwa kwa vipande nyuma ya majedwali ya mauzo ya robo ya pili. Yule mwanamume anayeinamia simu yumo. Mzee wa kofia nilijaribu kumwingiza mara nne, hakukubali, bado yuko kwenye klipu.

Mpwa wangu sasa ana miaka kumi na tatu na ana karatasi zake. Zamani za kijiko zimepita, siku hizi hataki hata nimkumbushe mbele ya rafiki zake. Juzi nilimkuta amejiinamia mezani, anaandika, mkono mwingine ameukinga kama mtu anayelinda mshumaa na upepo. Nikanyoosha shingo.

"Mjomba, hapana."

"Nione mstari mmoja tu."

Akaikunja ile karatasi mara nne, akaisukuma chini ya paja, akaikalia.

"Bado nimeatamia," akasema.

Nikaenda kuanua nguo.